Msamiati wa Kiingereza kwa Wanafunzi wa Sekondari: Uhakiki wa Vijitabu vya Orodha

Katika stendi ya mabasi ya Msamvu, mjini Morogoro, zikutanapo barabara za Dar es Salaam, Dodoma na Iringa, wachuuzi huuza, pamoja na maji na karanga, vijitabu vyembamba vya kujifunzia Kiingereza. Umbo lake ni moja: safu mbili, kushoto neno la Kiingereza, kulia neno la Kiswahili, na kila ukurasa una kichwa chake, kama vile mwili wa binadamu, vyombo vya nyumbani, wanyama, au siku za juma. Vijitabu hivi si kazi za wanazuoni, na huenda msomaji wa jarida hili akaona kuwa havistahili kuhakikiwa. Lakini njia yake ndiyo njia ya madarasa yetu mengi, ambamo mwalimu huziandika safu hizo mbili ubaoni na wanafunzi wakazinakili. Kwa hiyo kuvihakiki ni kuihakiki njia yenyewe. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba kosa la njia hii si kutumia Kiswahili, kama wasemavyo wengi, bali ni kukitumia kidogo mno, na kukitumia vibaya.

Hali iliyozaa vijitabu hivi yafahamika. Baada ya mwaka 1967 Kiswahili kilithibitishwa kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza kikabaki kuwa lugha ya sekondari. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uongozi wa Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika katika sekondari mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Criper na Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, walitoa taarifa ya kwamba Kiingereza cha wanafunzi walio wengi hakitoshi kusomea masomo mengine. Hata hivyo wakashauri lugha hiyo iendelee na iimarishwe. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, na bado mtoto aingiaye leo Kidato cha Kwanza akuta Fizikia, Historia na Jiografia zimeandikwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyekulia Matombo au Mgeta, milimani Uluguru, aliyeanza na Kiluguru nyumbani kisha akapata Kiswahili, Kiingereza kwake ni lugha ya tatu. Mtoto huyo ndiye tunayemsemea hapa.

Haki yataka tuanze na sifa za vijitabu hivi. Bei yake ni ndogo, navyo hufika mahali ambapo maktaba haifiki. Jina la kitu kionekanacho kwa macho, mfano wa goti, sufuria au mbuzi, hufundishika vizuri kwa safu mbili, kwa kuwa mtoto akiwa Mwingereza au akiwa Mluguru mbuzi ni yuleyule. Kwa hatua ya kwanza, orodha si mbaya. Ubaya waanza inapodhaniwa kwamba hatua zote zafanana na ya kwanza, na kwamba msamiati hukua kwa kuongeza kurasa.

Tuitazame hesabu yake. Paul Nation, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2006, alikadiria kwamba mtu asomaye kitabu cha hadithi au gazeti la Kiingereza bila msaada ahitaji kujua koo za maneno kati ya 8,000 na 9,000, akihesabu neno pamoja na minyambuliko yake kuwa ukoo mmoja. Tukimkadiria mwanafunzi wetu kuingia Kidato cha Kwanza na koo 1,000, na tukachukua siku 194 za masomo kwa mwaka, itampasa ajifunze koo tisa kila siku kwa miaka minne, bila kusahau hata moja. Hapana orodha iwezayo kazi hiyo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini si kibaba kilichotoboka. Na maneno yaliyokaririwa bila kutumika huvuja upesi.

Lakini zipo hesabu nyingine zenye matumaini zaidi. Michael West alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno yapatayo 2,000 yatumikayo sana katika Kiingereza. Mwaka 2000 Averil Coxhead, huko New Zealand, aliongeza juu ya hayo koo 570 ambazo hukaribia sehemu moja ya kumi ya maneno yote katika maandishi ya kitaaluma. Koo 570, zikigawanywa kwa siku za mwaka mmoja wa masomo, ni chini ya tatu kwa siku. Mzigo huo wabebeka. Yaonyesha basi kwamba swali kubwa si maneno mangapi, bali ni yapi, na yafundishwe namna gani.

Katika swali la kwanza vijitabu vyetu vyashindwa waziwazi. Vimejaa majina ya vitu, lakini majina ya vitu siyo yanayomkwamisha mwanafunzi. Katika shule ya msingi amekwisha kujifunza kwa Kiswahili usanisinuru, mmeng'enyo wa chakula, msuguano, kani, nishati na wenzo. Dhana hizo anazo. Akitajiwa jina la Kiingereza la usanisinuru atalishika, ingawa ni refu, kwa sababu pana mahali pa kulitundika. Kinachomkwamisha ni yale maneno ya kati, yasiyo ya nyumbani wala ya sayansi, ambayo hufunga hoja na kuuliza maswali: "whereas", "despite", "assume", "derive", "account for". Maneno hayo hayana picha, nayo ni nadra kupata nafasi katika vijitabu. Mwanafunzi aulizwaye katika mtihani wa Historia "account for" hukumbuka akaunti ya benki, au hukumbuka hesabu, naye hajui kwamba ametakiwa kueleza sababu. Sababu zenyewe huenda anazijua zote. Hapo mtihani haukupima Historia. Umepima kifungu kimoja cha Kiingereza ambacho hakuna aliyemfundisha.

Katika swali la pili, yaani namna ya kufundisha, kosa liko katika umbo lenyewe la safu mbili. Umbo hilo lasema kimya kimya kwamba kila neno la lugha moja lina mwenzake mmoja katika lugha nyingine. Tutoe mfano wa karibu. Orodha huandika "uncle" na kuliambatisha na mjomba. Kwa Waluguru, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba ni mtu mwenye mamlaka yake katika ukoo, wala hawezi kuchanganywa na baba mdogo. Mwingereza huwaita wote wawili kwa neno moja. Mwanafunzi aliyekariri orodha, akitaka kumtaja ndugu wa baba yake, ataona kwamba Kiingereza hakina neno. Na akisoma hadithi ya Kiingereza atamweka upande wa mama mtu ambaye huenda ni wa upande wa baba. Si kwamba orodha imesema uongo. Imesema nusu, ikaacha idhaniwe kuwa nzima.

Nusu hizo huzidi kuwa na madhara zinapoingia darasani. Katika siku moja mwanafunzi hukutana na "state" mara tatu: katika Uraia ni dola, katika Kemia ni hali ya maada, na katika swali la mtihani ni amri ya kutaja. Hukutana na "solution" ambayo katika Hisabati ni jibu lililotafutwa na katika Kemia ni mmumunyo. Hukutana na "root", mzizi wa mmea, ambayo katika Hisabati ni kipeuo. Ajabu ni kwamba Kiswahili kimekwisha kuzitenganisha maana hizi kwa maneno mbalimbali, na kwa hiyo ndicho chombo bora cha kuzieleza. Lakini orodha huchukua neno moja tu, aghalabu lile la nyumbani, na kumwacha mwanafunzi atafute mizizi ya mti katika somo la Hisabati.

Vivyo hivyo na maneno ambayo Kiswahili kimeyakopa. Msamvu penyewe ni shule ya maneno hayo: stendi, tiketi, breki, injini, springi, konda, trafiki. Mtoto anayo mengi kinywani kabla ya kufungua kijitabu, ila hayatambui yakiandikwa kwa tahajia ya Kiingereza, kwa kuwa sisi huandika tunavyotamka na Waingereza sivyo. Mwalimu angeweza kuyafanya kuwa daraja, mradi aonyeshe pia mahali ambapo daraja limekatika. Trafiki kwetu ni askari wa usalama barabarani. Kwa Kiingereza "traffic" ni wingi wa magari yenyewe. Gesti ni nyumba ya kulala wageni. "Guest" ni mgeni mwenyewe. Konda hukusanya nauli, lakini "conductor" wa Fizikia ni waya wa shaba upitishao umeme. Dakika tano za maelezo kwa Kiswahili zatosha kuyafanya maneno hayo yasisahaulike. Katika vijitabu vitatu vya aina hii nilivyovisoma kwa ajili ya uhakiki huu, sikuona hata kimoja kilichofanya hivyo.

Liko kosa la tatu, nalo ni la kisarufi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mengi ndani yake kwa viambishi: andika, andikia, andikisha, andikiana. Kiingereza hutumia vihusishi vya pembeni kwa kazi kama hiyo. Orodha iandikayo "depend" na tegemea, bila neno zaidi, imezaa kosa kabla mwanafunzi hajafungua kinywa, kwani tegemea huchukua yambwa moja kwa moja, na "depend" hutaka "on". Makosa mengi tuyaitayo ya sarufi ni makosa ya msamiati uliofundishwa nusu. Neno halijajulikana mpaka wenzake wajulikane.

Kwa upande mwingine, viambishi hivyohivyo ni hazina. Mzawa wa lugha ya Kibantu, awe Mluguru au Mzaramo, ajua tangu utotoni kwamba zalisha, mzalishaji, uzalishaji na zao ni ukoo mmoja. Akionyeshwa kwamba "produce", "producer", "production" na "product" ni ukoo wa namna hiyo, hatakariri maneno manne, bali moja na kanuni yake. Vijitabu vyetu huyatawanya maneno hayo katika kurasa mbalimbali, kana kwamba hayajuani.

Je, kamusi zaweza kuziba pengo hili? Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, iliyosimama juu ya kazi ya Madan ya mwaka 1894, ilimfaa zaidi Mwingereza ajifunzaye Kiswahili. Mtu huyo alikwisha kuijua maana ya neno la Kiingereza. Alichotaka ni visawe vya Kiswahili achague. Mwanafunzi wa Morogoro yuko ng'ambo ya pili: visawe avijua vyote, asichokijua ni kipi kati yake kinakusudiwa. Kamusi ya TUKI ya mwaka 1996 ilipiga hatua kubwa, kwa kuwa ilimfikiria msomaji wa Kiswahili na kuzipanga maana kwa tarakimu. Lakini hata humo visawe vingi vimefuatana kwa mkato bila maelezo ya tofauti zake. Kwa mfasiri, hilo si taabu kubwa. Kwa mtoto wa miaka kumi na minne ni kupiga kura.

Najua litakalojibiwa: kwamba dawa ni kukiondoa Kiswahili kabisa, na kwamba mtoto akilazimishwa Kiingereza mchana kutwa atakipata. Katika shule nyingi vibao vya amri hiyo vimetundikwa ukutani, na atamkaye neno la Kiswahili huadhibiwa. Amri hii yasahau kwamba maneno mapya hupatikana kwa kusikia na kusoma lugha iliyo tajiri kuliko ile uliyo nayo. Mtoto aliyezungukwa na wenzake wenye maneno yaleyale machache hapati neno jipya kutoka kwao, hujifunza kunyamaza. Mwanafunzi anyamazaye hahesabiwi katika takwimu zozote, lakini ndiye hasara yetu kubwa kuliko zote.

Sisemi kwamba kukuza msamiati kutamaliza suala la lugha ya kufundishia. Suala hilo ni la sera, na rai yangu ni kwamba pendekezo la mwaka 1982 lilikuwa sahihi. Lakini mtoto aliyeko darasani leo hawezi kungoja sera, na deni letu kwake halifutiki kwa kuwa na msimamo mzuri. Yafaa kazi tatu zifanywe. Kwanza, yakusanywe maneno ya kati kutoka katika vitabu vya kiada na mitihani ya vidato vya kwanza na vya pili, maana orodha ya Coxhead yatokana na maandishi ya vyuo vikuu, si vitabu vya watoto wetu. Pili, kila neno lielezwe kwa sentensi ya Kiswahili, si kwa kisawe kimoja, pamoja na ukoo wake, vihusishi vyake, na maana yake katika kila somo. Tatu, kitabu hicho kisizidi maneno mia sita, na bei yake iwe ile ambayo mchuuzi wa Msamvu aweza kuitaja bila mnunuzi kugeuka.

Kazi ya kwanza na ya pili ni zetu, watu wa isimu na wa kamusi. Hakuna mwingine mwenye ujuzi wa lugha zote mbili kwa kiasi hicho. Tumezoea kutunga istilahi za Kiswahili, na tumefanya vema. Lakini tumewaachia wachuuzi kazi ya kumweleza mtoto wetu, kwa Kiswahili, maana ya Kiingereza anachotahiniwa nacho.