Katekisimo Ndogo na Mtoto Afundishwaye Nyumbani

Katekisimo Ndogo ya Martin Luther (1529) hujulikana katika sharika zetu kama kitabu cha darasa la kipaimara. Lakini vichwa vya sehemu zake vyaonyesha kusudi jingine: mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake kwa njia rahisi. Mzazi Mkristo atakaye kumwondoa mtoto shuleni na kumfundisha mwenyewe, jambo lililo nadra katika Tanzania, aweza basi kukishika kitabu hiki kama hati yake. Je, kitabu chamruhusu?

Twaona kwamba hakimruhusu kikisomwa pamoja na maandishi mengine ya Luther. Katika waraka wake wa 1524 kwa madiwani wa miji ya Ujerumani, Luther asema kwamba wazazi wengine hawana nia ya kulea vema, wengi hawana uwezo, na wenye nia na uwezo hawana nafasi. Kwa hiyo miji ianzishe shule, za wavulana na za wasichana. Hata hivyo hakuwatoa watoto nyumbani: wavulana wasome saa moja au mbili kwa siku, na muda uliobaki wajifunze kazi kwao. Shule na nyumba ni mikono miwili ya malezi yale yale.

Wazee wa Mkumbi na Umatengo wote, wilayani Mbinga, walilijua jambo hili kwa njia yao. Katika sengu, wanaume wa ukoo walikula pamoja, wakazungumza mambo yao, na vijana wakafundwa papo hapo. Hayo yalikuwa malezi ya nyumbani, lakini nyumba ile haikufungwa. Mtoto alifundishwa na baba zake wote. Mzazi ajifungiaye na mtoto wake peke yake hawezi kudai kwamba anarudia desturi hiyo.

Hata hivyo, sengu na Katekisimo vyote vina upungufu mmoja: vyamtazama zaidi mwanamume kama mwalimu. Kilimo cha ngoro chatusahihisha. Mwanamume hufyeka nyasi na kuzipanga kwa miraba. Mwanamke huchimba katikati na kuzifunika kwa udongo. Mtoto aliyefundishwa na baba peke yake hajui ngoro. Vivyo hivyo, hatuna budi kumsoma mama ndani ya maneno "mkuu wa nyumba".

Sheria ya Elimu ya 1978 yamtaka mzazi ampeleke mtoto shule ya msingi, nasi twaiunga mkono. Lakini mchungaji asidhani kwamba amemaliza wajibu wake akisema, "Mtoto na aende shule." Dibaji ya Katekisimo yaelekezwa kwa wachungaji, nayo yataka maneno yafundishwe neno kwa neno hadi yakaririwe. Hivyo hata mzazi asiyejua kusoma aweza kuyasikia kanisani na kumfundisha mwanawe jioni. Kumbukumbu la Torati 6:7 yaagiza mafundisho nyumbani na njiani. 31:12 yawakusanya wanaume, wanawake, watoto na wageni pamoja. Tukimwachia mwinjilisti na darasa la kipaimara kazi yote, nasi pia tumeisoma nusu ya Luther, ila ni nusu ile nyingine. Yatupasa kuwafundisha wazazi kabla ya kuwadai watoto majibu.