Mambo Madogo katika Fasihi: Mstaafu wa Kibiti na Mto Rufiji

Iko hukumu moja ambayo hutolewa upesi katika vyumba vya kusomea fasihi, nayo ni kwamba kitabu fulani hakina tukio. Msomaji akikosa vita, kifo cha shujaa, hila ya mwovu au mapenzi yaliyokatazwa, hukifunga kitabu akasema kuwa mwandishi amepoteza wino wake juu ya mambo madogo. Hukumu hiyo imepata nguvu kwa kurudiwa, si kwa kuthibitishwa. Insha hii yakusudia kuipima kwa mfano wa nchi moja na hali moja ya maisha. Nchi ni bonde la mwisho la Mto Rufiji pamoja na mji wa Kibiti. Hali ni ya mstaafu, yaani mtu aliyemaliza utumishi wake, akarudi nyumbani, na kukabiliwa na siku zisizopigiwa kengele.

Rufiji haikukosa wageni wa kalamu. Mto huo, kabla ya kuingia baharini mkabala na kisiwa cha Mafia, hugawanyika katika mikono mingi, na baina ya mikono hiyo umesimama mmojawapo wa misitu mikubwa ya mikoko katika mwambao wa Afrika ya Mashariki. Walakini mtu akitazama ni wakati gani kalamu hufika huko, ataona kuwa aghalabu hufika wakati wa ngurumo. Ilifika kwa ajili ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na kwa ajili ya Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, mwenye dawa ya maji, aliyenyongwa na Wajerumani Mohoro mwezi Agosti 1905. Ilifika kwa ajili ya Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyojificha katika mikono ya mto mwaka 1914, ikaangamizwa humo Julai 1915. Ilifika tena watu walipohamishwa kutoka bondeni kwenda vijiji vya nchi ya juu katika miaka ya mwisho ya 1960. Ikafika kwa mauaji yaliyotia hofu Kibiti na Rufiji mwaka 2016 na 2017. Ikafika kwa bwawa kubwa la umeme na kwa mafuriko ya mwaka 2024. Kila mara ngurumo ilipokoma, kalamu ilifunga mzigo ikaenda zake. Kwa hiyo msomaji wa mbali aijua Rufiji kuwa mahali pa kufa, pa kuhamishwa na pa kugharikishwa. Haijui kuwa mahali pa kuishi.

Kazi iliyoipa Rufiji makao ya kudumu katika masomo ya fasihi ni tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, iliyotolewa mwaka 1969. Mwandishi mwenyewe ametahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, asichanganywe na yule wa historia. Na wahakiki wamefanya kazi njema kueleza jinsi wazo linavyoweza kumshinda aliyelizaa. Lakini liko jambo moja ambalo hupitwa kwa haraka. Tamthilia hii haikufunguliwa kwa mkuki wala kwa pepo wa mtoni. Imefunguliwa na wanawake wawili, mke wa Kinjeketile na mke wa Kitunda, wakizungumza habari za shida ya nyumbani, chakula kilichoadimika, na mume anayejitenga. Haya ni mambo madogo kwa kila kipimo cha wale wanaotafuta tukio. Hata hivyo, bila mazungumzo hayo mtazamaji asingejua ni kitu gani kilichokuwa kikitetewa wakati watu walipoiendea bunduki. Hussein alifahamu kuwa sufuria tupu ndiyo mama wa vita. Baada ya kufahamu hivyo, sanaa yake ilimchukua kwenda mbele, kwa viongozi na majeshi, na nyumba ile ikabaki nyuma kama kizingiti kilichokwisha kuvukwa. Kwa mtunzi wa tanzia hilo si kosa. Kosa ni la mhakiki anayefundisha kwamba kizingiti hakina thamani ila kwa ajili ya kuvukwa.

Swali basi ni hili: je, yawezekana kukaa katika nyumba hiyo, bila ngurumo, na bado kutunga fasihi? Hapa ndipo mstaafu anapoingia. Afanywe kuwa mwalimu, kwa kuwa walimu ni wengi miongoni mwa wastaafu wa miji midogo. Sheria ya utumishi wa umma humruhusu kuondoka kwa hiari akiwa na miaka 55, na humlazimisha kuondoka akiwa na 60. Hupewa mafao yake ya mkupuo, kisha pensheni ya kila mwezi, na dunia humwambia kwamba kazi imekwisha. Asubuhi huswali, hufagia uani, huangalia minazi na michungwa michache aliyopanda angali kazini, halafu huenda barazani kunywa kahawa. Kibiti umekaa juu ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, na mabasi hupita siku nzima bila kumhusu. Barazani husemwa bei ya korosho, mkopo wa mjukuu, bomba lililokauka, nani amefiwa, na nani amekuja kutoka Nyamisati, huko chini mtoni, mahali vyombo vya Mafia vinapofunga kamba. Jioni hucheza bao. Akirudi nyumbani humkuta mkewe akimwuliza alikuwa wapi, ingawa wote wawili wajua.

Fasihi ya Kiswahili haikosi mtangulizi wa kumsaidia mtu kama huyo. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliingia katika utumishi wa serikali mwaka 1926 na kutumia sehemu kubwa ya umri wake mezani kwa wengine. Katika *Maisha Yangu*, na katika sehemu iliyofuata, *Baada ya Miaka Hamsini*, alithubutu jambo ambalo wakati ule halikuwa jepesi: kudai kwamba maisha ya karani Mwafrika yanafaa kuandikwa na kusomwa. Si mfalme, si sheikh mkuu, si jemadari. Ndoa yake, kufiwa na mkewe, uhamisho wake kutoka pwani kwenda Mpwapwa kwa amri ya ofisi, taabu ya safari, malezi ya watoto, haya yote ameyapa nafasi iliyokuwa ikipewa vita na enzi. Tena katika *Utubora Mkulima*, iliyochapwa mwaka 1968, alimtunga mtu anayeacha kazi ya mshahara kwa hiari yake na kwenda Busutamu kulima, akaona heshima katika jembe ambayo hakuiona katika kalamu ya ofisi. Utubora si mstaafu kwa maana ya sheria, lakini amekata shauri lile lile ambalo mstaafu hulazimishwa na umri kulikata: kuishi bila cheo na kuona kama utu wake utabaki.

Baada ya kumshukuru Shaaban Robert, haki yadai asemwe pia. Udhaifu wake mkuu katika jambo hili ni kwamba hakukiacha kitu kidogo kikae kidogo kwa muda mrefu. Tendo la nyumbani likishatajwa, hupandishwa upesi likawa wasia. Wasia hupandishwa likawa methali. Na tendo lenyewe hutoweka ndani ya methali kama chumvi katika mchuzi. Busutamu, kwa utamu wake wote, ni mahali pasipo tope. Msomaji hujua kwamba kulima ni kwema, lakini hajui udongo huo hulimwa mwezi gani, wala ni mdudu gani hula miche. Kwa zama zake njia hiyo ilikuwa na sababu, maana alikuwa akijenga lugha na maadili kwa pamoja. Kwa mwandishi wa leo wa Kibiti, kuiga njia hiyo ni hatari. Wazee wa barazani wana hekima ya kutosha. Kilichoadimika katika vitabu ni vitu vyenyewe vilivyoizaa.

Vitu hivyo ni vya namna gani? Mfano mmoja watosha. Mrufiji wa bondeni hakulima mara moja tu kwa mwaka. Mpunga ulifuata mvua na kujaa kwa mto. Maji yalipopungua, watu walipanda tena juu ya unyevu uliobaki, kilimo kinachoitwa mlao. Katika mashamba ya mpunga walijenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakalala humo kuwinga ndege na nguruwe, na maji yakipita chini yao. Aliyehamishiwa nchi ya juu akiwa mtoto katika miaka ya mwisho ya 1960 ni mzee leo. Yeye ajua sauti ya maji chini ya dungu usiku. Mwanawe aliyezaliwa kando ya barabara haijui. Sauti hiyo si tukio. Haiwezi kuwekwa katika ripoti wala katika wimbo wa taifa. Lakini mtu asiyeisikia hawezi kuelewa kwa nini watu walioambiwa kuwa bonde ni hatari walirudi bondeni kulima kila mwaka.

Yuko atakayepinga na kusema kwamba kwa kanuni hii kila porojo itaitwa fasihi, na kila mstaafu atachapa daftari lake la hesabu za maziwa. Upinzani huo una haki ya kujibiwa. Mambo madogo hayawi fasihi kwa udogo wao, kama vile mambo makubwa hayawi fasihi kwa ukubwa wao. Ziko tanzia mbovu nyingi zilizojaa maiti. Kipimo ni viwili. Kwanza, je, kitu kimeonwa sawasawa? Asemaye kwamba kwenye delta kuna miti hajaona kitu. Anayetofautisha mkoko na mkandaa, msinzi na mchu, mlilana na msikundazi, akajua upi hukatwa boriti na upi hutoa fito tu, huyo ameona, na kuona kwake ni nusu ya lugha yake. Pili, je, kitu hicho kinabeba mzigo ambao hakiwezi kubebwa na kitu kingine? Porojo huanguka katika kipimo cha pili: ukiifuta, hakuna kilichopungua.

Na hapa ndipo hukumu ya kutokuwa na tukio inapovunjika kabisa, kwa maana yako mambo makubwa ambayo hayaonekani ila kwa jicho la mambo madogo. Mto Rufiji umewahi kuhamisha nguvu ya maji yake kutoka mikono ya kusini kwenda ile ya kaskazini. Jambo hilo lilibadili mahali pa kulima mpunga na mahali pa kuvua kamba, likawatajirisha hawa na kuwafukarisha wale. Lakini halikutokea kwa ngurumo. Lilitokea kwa mpunga uliooza shina msimu mmoja, kwa kisima kilichoanza kuonja chumvi, kwa mtumbwi uliokwama mahali ambapo mwaka jana ulipita. Mwandishi wa matukio angekuja delta siku yoyote katika miaka hiyo na kuondoka akisema hakuna habari. Mzee aliyekwenda kisimani kila asubuhi angekuwa na habari nzima. Tangu Desemba 2022, bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa maji, mto una bwana mpya juu yake, na matokeo yake huko chini hayatatokea yote kwa usiku mmoja. Wahandisi watapima wingi wa maji. Ladha ya kisima, urefu wa matope ngazini, na mwezi ambao ndege walichelewa kuja shambani, hayo yatapimwa na nani?

Mstaafu ana vitu vitatu ambavyo mara chache hukutana kwa mtu mmoja: ana herufi, ana wakati, na ana kumbukumbu ya kulinganisha. Kijana wa chuo ana herufi bila kumbukumbu; mvuvi wa Msala ana kumbukumbu, lakini bahari haimpi wakati. Naam, mtu anayedhaniwa kuwa amemaliza kazi ndiye ambaye fasihi ya nchi yake yamhitaji zaidi. Lakini hataandika ikiwa shule alizosoma, na pengine kufundisha, zimemzoeza kuamini kwamba siku yake haistahili karatasi. Ataandika juu ya Königsberg, ambayo hakuiona, na kuacha kisima chake, ambacho hukiona kila alfajiri.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Uhakiki wa Kiswahili umetembea na mwiba huu kwa muda. Ukitolewa, hapana haja ya kumshusha Kinjeketile kutoka mahali pake, wala ya kumtoa Shaaban Robert katika kiti chake. Yatosha mwalimu wa fasihi, akiletewa kurasa zisizo na vita wala kifo, azuie kwanza swali la nini kimetokea, aulize swali lingine: nini kimeonwa hapa, na nani mwingine angeweza kukiona? Jibu likiwa ni kwamba hapana mwingine, basi kurasa hizo zina tukio ndani yake, na wajibu wa mhakiki ni kulitafuta kabla mwenye kuliona hajaondoka barazani.