Narcissu: Hadithi ya Mgonjwa Asiyeulizwa

Wazee wetu husema, "Mgonjwa haulizwi uji." Maana yake ni njema: mtu aliyelala kitandani asisumbuliwe kwa maswali, bali aletewe kimfaacho. Lakini sisi wenye afya huitumia mithali hii vibaya, tukajifanya tunajua yote ayatakayo mgonjwa, hata mahali pa kufia. Hadithi moja ya Kijapani imenifanya niipime upya mithali hiyo, nami napenda kuwaeleza wasomaji uzuri wake na kasoro yake.

Hadithi yenyewe yaitwa Narcissu. Mtungaji wake ni Tomo Kataoka, naye na kundi lake, Stage-nana, waliitoa mwaka 2005 bila kudai malipo. Si kitabu cha karatasi. Husomwa katika kompyuta. Maneno hutokea kidogo kidogo pamoja na picha, na muziki husikika taratibu. Katika hadithi nyingi za namna hii msomaji huchagua atakalotenda mhusika, na mwisho ukageuka kwa uchaguzi wake. Hii haina chaguo hata moja. Msomaji husonga mbele tu, wala hawezi kumwokoa mtu.

Kisa ni kifupi. Kijana mmoja, ambaye jina lake hatuambiwi, amepata cheti cha kuendesha gari juzi juzi tu, mara aambiwa ana ugonjwa usioponyeka. Apelekwa orofa ya saba ya hospitali, mahali pa wale wasiotazamiwa kupona. Huko amkuta Setsumi, msichana wa miaka 22 aliyezoea kuugua tangu utoto. Watu wa orofa ile wana mahali pawili tu pa kufia: hapo hapo, au nyumbani kwao. Setsumi hapataki popote katika hapo pawili. Basi kijana atwaa gari la baba yake, nao watoroka pamoja kwenda magharibi, hata kisiwa cha Awaji. Huko, wakati wa baridi, huchanua katika miteremko ikabiliyo bahari maua madogo meupe yenye kikombe cha manjano, ambayo ndiyo yaliyoipa hadithi jina.

Uzuri wake wa kwanza ni uchache wa picha. Picha zake ni nyembamba kama ufa wa dirisha: barabara, mbingu, bahari. Uso wa Setsumi hauonekani ila mara chache. Hivyo msomaji hulazimika kumpa uso mwenyewe. Mimi nilijikuta nimempa uso wa jirani yangu mmoja aliyeugua mwaka mzima. Alitamani kupelekwa akauone mto aliokuwa akiogelea utotoni, nasi sote tukamjibu, "Upone kwanza." Hakupona, wala mto hakuuona.

Uzuri wa pili ni kwamba mtungaji haombi machozi. Hakuna dawa ya ajabu, wala wawili hawa hawaapiani mapenzi. Huongea habari za njia, za gari na za chakula, kama wasafiri wowote. Huzuni humwingia msomaji kwa mlango asioulinda.

Lakini kasoro ipo, nayo si ndogo. Mwisho wa safari Setsumi aingia baharini, na kijana hamzuii. Jambo hili limeandikwa kwa upole mno, hata kifo chenyewe chafanana na ua. Nahofia kijana mgonjwa atakayeisoma peke yake usiku. Tena wazazi na wauguzi karibu hawana sauti. Mama aliyeamka akakuta kitanda cha mwanawe kitupu, ni nani amlilie? Mwenye kuuguza naye ana maumivu yake, na mtungaji amempita upesi.

Hata hivyo siitupi hadithi hii. Nijiulizapo ni nini kilichomfikisha Setsumi ufukoni, naona si ugonjwa peke yake. Alionyeshwa milango miwili, wala hapana aliyemwuliza kama ana wa tatu. Alichotaka ni safari ya kuona maua. Kama watu wazima wangalimpeleka, wakamshika mkono, wakamfunika blanketi, huenda angalirudi akafa kati ya watu wampendao. Alitoroka kwa kuwa hakuulizwa.

Basi, ndugu walimu, uji na uletwe bila kuuliza, maana ndiyo huruma ya wazee wetu. Lakini bakuli likiisha kuwekwa chini, tuketi kidogo kando ya kitanda, tuulize, "Wataka kwenda wapi?" Kisha, kama njia ingalipo, tumpeleke.