Kiputo au Uzio?
Jina alilolitoa Mmarekani Eli Pariser likifasiriwa neno kwa neno, hupatikana "kiputo cha uchujo". Istilahi hii ina kasoro. Kiputo hupasuka chenyewe. Hali inayotajwa haipasuki, kwani mtambo wa kutafutia habari katika intaneti huweza kukumbuka tuliyoyachagua jana na kutuletea leo yanayofanana nayo. "Uzio wa mazoea" ungefaa zaidi: uzio hujengwa, tena una mlango. Mnunuzi wa vitenge Kariakoo haridhiki na duka la kwanza. Hupita Mtaa wa Msimbazi, akaingia wa Kongo, ndipo akaamua. Mfasiri naye atafute istilahi kwa maneno mbalimbali na katika mitambo mbalimbali. La sivyo, atayadhani mazoea yake kuwa ndiyo matumizi ya umma.