Karatasi ya kuuza pombe inauliza pesa, basi

Nyumbani kwetu Baraka kuko lesansi mbili. Ya kwanza ni yangu, ya agronomia: niliitafuta miaka mitano. Ya pili ni ya mama, ile karatasi ya duka ambayo sheria inaita patanti lakini mtaani watu wanaiita lesansi vilevile. Yake ilichukua asubuhi moja. Alisema jina, akasema anauza vinywaji na vitu vingine vidogo vidogo, akalipa, wakapiga muhuri. Hakuna mtu aliyemuuliza duka iko wapi.

Leo ninaandika juu ya swali hilo ambalo halikuulizwa. Niseme mapema: kasie za bia za mama njo zilinisomesha. Siandiki kama mtu wa mbali.

Duka yetu haina kiti hata kimoja. Mtu anakuja na vidanji, yaani chupa tupu, anapewa iliyojaa, anaenda kunywa kwake. Kuko pia divai ya boksi, na zile chupa ndogo za pombe kali zinazoingia mfukoni. Katika baa, mwenye baa anamuona mnywaji: akilewa sana anamnyima, akianza fujo anamtoa. Kwa duka ya kubeba, muuzaji haoni kitu. Anaona mkono na pesa. Na mara nyingi, ukweli usemwe, huo mkono ni wa mtoto wa miaka kumi aliyetumwa na baba yake. Kwetu kinachoruhusu mtu kununua bia ni vidanji. Ukija nayo unapewa, ukija bila hiyo unaacha pesa ya chupa. Umri hauko ndani ya hesabu.

Lakini sheria ya ulinzi wa mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajafikisha miaka 18. Kumtambua si kazi ngumu. Sisi wote kitambulisho tunachotembea nacho ni kadi ya mpiga kura, na mtoto hana. Angalau muuzaji angekuwa na pa kuanzia.

Nilipotafuta maandishi yanayosimamia biashara ya mama, nilikuta ordonansi-sheria ya 2 Agosti 1979 juu ya biashara ndogo, iliyorekebishwa mwaka 1990. Inasema biashara ndogo ni ya Wakongomani, na kwamba mtu awe na patanti kabla ya kuanza. Kisha kuna ordonansi-sheria namba 18/004 ya 13 Machi 2018, inayopanga taksi zipi zinachukuliwa na jimbo na zipi na miji, sekta na uchefu. Siku hiyohiyo ilitoka na kodi ya ushuru wa bidhaa kama pombe na sigara. Yote haya yanajibu swali moja: nani achukue kiasi gani. Sisemi ni vibaya, serikali inaishi kwa kodi. Ila zile karatasi mama alizojaza hazikutenganisha hata anayeuza pombe ya kunywa palepale na anayeuza ya kubeba.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mkataba wa Bruxelles wa 1890 ulizuia kuingiza pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na ule wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919 ukakaza tena. Wabelgiji walikataza babu zetu pombe kali kwa miaka mingi, wao wenyewe wakinywa. Ilikuwa sheria ya dharau. Ilipoondoka tulifurahi, na haki yetu. Lakini nafasi yake ikabaki kitabu cha risiti.

Na hicho kitabu si kimoja. Kuna mwezi mmoja walifika maajenti wa huduma nne tofauti, kila mmoja na risiti yake, kila mmoja akisema ya mwenzake haihesabiki. Mama aliishia kumlipa yule aliyepiga kelele zaidi. Wote wanne walisimama mlangoni, na ukisimama mlangoni petu unasikia wanafunzi wa shule ya msingi wakisoma kwa sauti. Hakuna aliyegeuza kichwa.

Kenya walitunga sheria ya vinywaji vya kulevya mwaka 2010, ile watu waliita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka. Inasema mahali pa kuuza pombe pawe mita 300 au zaidi kutoka shule ya watoto, inapanga saa za kuuza, na kabla ya lesansi kamati inakaa kuangalia ombi. Wakenya wameilalamikia sana. Lakini pale mtu anaulizwa. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania walipiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, juu kifuko kidogo cha bei ndogo kilikuwa kinaingia hadi kwenye mabegi ya shule.

Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye aliniambia: "Wewe unaongeza masharti, wao wataongeza matabishi." Hapo yuko na haki nusu. Sharti ambalo ajenti analipima kwa macho yake, kama "mahali pasafi" au "tabia nzuri", ni mlango wa matabishi. Lakini mita 300 mwalimu anaweza kuzipima na wanafunzi wake wa darasa la tano kwa kamba. Saa ya kufunga kila jirani anaiona. Kibao ukutani kinachosema duka hii inauza pombe ya kubeba, imelipa mwaka huu, risiti namba fulani, kingemsaidia hata mama kufukuza wale wengine watatu.

Kitu kinachonisumbua zaidi, mimi mtu wa mashamba, ni kanyanga. Hiyo haina karatasi yoyote. Unga wa mahindi na muhogo unachachushwa, unapikwa kwenye pipa, unauzwa mu chupa ya maji ya nusu lita, kutoka Mboko mpaka Fizi-centre juu milimani. Watu wanasema inapofusha. Mahindi na muhogo vyenyewe vinatoa metanoli kidogo sana. Hatari ni nguvu ambayo hakuna anayeipima, vyombo vinavyotumika, na vile wengine wanaongeza ndani. Sasa ukipandisha bei ya patanti, mama atapandisha bei ya bia, na mnywaji atahamia kanyanga. Njo maana sitaki lesansi ya bei kali. Nataka yenye maswali. Na yule mama anayepika kanyanga naye analipa minerval ya watoto, kwa hiyo kumvunjia pipa peke yake ni ukatili. Apewe naye karatasi, apimiwe nguvu ya pombe yake.

Wiki iliyopita nilitembea kutoka kaunta ya mama mpaka mlango wa shule. Hatua 94. Nilimwambia jioni, tukiwa tunapanga vidanji.

"Sasa unataka nifunge?" akaniuliza. "Na minerval ya mudogo yako, wewe mwenye lesansi usiye na kazi, utalipa?"

Nilinyamaza, juu sikuwa na jibu. Siku mbili baadaye nilimsikia anamrudisha mtoto aliyekuja na chupa mbili: "Mwambie papa yako akuje mwenyewe." Wengine wanakuja, wananung'unika kidogo, wananunua. Wengine wanamtuma mtoto kwa duka ya pili.