Kusomeshwa na Kusoma: Kusadikika katika Darasa la Chuo Kikuu

Katika Kiswahili cha wazee wa pwani neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu, na tena maana ya mahali pa kusomea. Maana ya kwanza karibu imesahauliwa. Nililikumbuka jambo hili siku nilipohudhuria darasa la fasihi katika chuo kikuu kimoja, ambacho si lazima kukitaja, ilipofundishwa riwaya ya Kusadikika ya Shaaban Robert. Mhadhiri alikuwa mtu mwenye bidii. Alisimama mbele ya vijana wengi kuliko ukumbi ulivyoweza kuwaweka, akataja dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa ya mwandishi, kisha akapita upesi katika wahusika na mandhari, vijana wakaandika. Kitabu chenyewe nilikiona mikononi mwa wawili tu. Waliobaki walikuwa na mwongozo, au kurasa zilizonakiliwa humo. Baadaye nilimwuliza kijana mmoja mwisho wa Karama ulikuwaje. Alifunua daftari lake kwanza.

Sisemi kwamba mgawanyo wa fani na maudhui hauna faida; humsaidia mtu kupanga alichokwisha kukiona. Ubaya wake ni pale unapotangulia kuona.

Tutazame kitabu. Karama anashtakiwa na Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Daftari linasema: dhamira, umuhimu wa sheria. Ni kweli, ila ni ukweli usiomtuma mtu popote. Asomaye mwenyewe, pole pole, hana budi kukutana na swali ambalo mwongozo haukumpa. Kwa nini mshtakiwa, badala ya kujieleza nafsi yake, anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotoka kutafuta yenye manufaa kwa nchi yao, wakarejea na maarifa, na malipo yao yakawa kifungo? Nadhani ni kwa sababu masimulizi yale ni mashauri yaliyokwisha kukatwa, na kila moja lilikatwa vibaya. Karama anayapanga mbele ya mfalme kama wakili apangavyo hukumu za zamani. Ameshtakiwa kwa kufundisha uanasheria, naye anaufundisha papo hapo kizimbani, na mwanafunzi wake ni mfalme. Mwingine aweza kulikataa jibu langu, nami nitafurahi. Lakini hawezi kulikataa pasipo kukifungua kitabu.

Husemwa mara nyingi kwamba unyonge wa masomo katika vyuo vyetu watoka katika Kiingereza, ambacho wanafunzi hawakimudu. Kwa masomo mengi sina shaka. Lakini Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1970, na idara nyingine za namna hiyo zimeifuata. Na katika darasa nililolitaja lugha haikuwa kizuizi kwa mtu ye yote. Vijana walikifahamu kila kilichosemwa, wakakariri.

Wala sikubaliani na wasemao kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu ni mtu mzima, na ajitafutie. Ajitafutie kwa ufunguo gani? Aliyefaulu mtihani wa kidato cha sita kwa mwongozo hageuki msomaji kwa kuvuka lango. Kusoma peke yako nako hufundishwa. Shaaban Robert, aliyesoma shule Dar es Salaam tangu 1922 hata 1926, kisha akawa karani wa serikali, hakukanyaga chuo kikuu kama mwanafunzi. Lakini watu wa namna yake ni wachache, na si haki kujengea mfumo wa elimu juu ya tabia yao. Katika darsa za pwani kukariri kulikuwa kwingi pia, pengine kupita kiasi. Hata hivyo mwanafunzi alikaa na kitabu mbele yake, akasoma sentensi, shehe akaifasiri, wakaendelea na ya pili.

Saa moja katika juma ingetosha kwa kuanzia: ukurasa mmoja wa Kusadikika, usomwe kwa sauti, pasiwe na daftari. Na katika mtihani uchapwe ukurasa mwingine wa kitabu hicho hicho, na mtahiniwa aulizwe anaona nini humo.