Hewa ya Moto Itokee Wapi?

Wengi wanaojijengea ndege za RV, zile ambazo kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon, Marekani, huziuza vipande vipande, huhangaika sana na matundu mawili ya mbele, kushoto na kulia kwa propela. Injini ikichemka, wazo la kwanza ni kuyapanua. Kwa maoni yangu wanaanzia pasipostahili. Waanze na pale hewa inapotokea.

Injini inayofungwa humo mara nyingi ni Lycoming O-320 ya nguvu farasi 150 au 160. Haina rejeta wala feni. Silinda zake nne zimezungukwa na mapezi membamba ya chuma na alumini. Hewa huingia mbele na kujaa juu ya injini, kisha mabati yaliyofungwa kuzunguka silinda huilazimisha ishuke katikati ya mapezi na kutokea chini ya tumbo la ndege. Kinachoisukuma ni tofauti ya mgandamizo tu, juu ukiwa mkubwa, chini mdogo.

Tofauti hiyo huyeyuka pale inapohitajika zaidi. Usawa wa bahari, mwendo wa noti 120 unaweza kuinua maji kwenye mrija kwa karibu sentimita 24. Ndege ikipanda kwa noti 75, injini ikiunguruma kwa nguvu zake zote, kinachobaki ni sentimita 9 na kidogo, kwa sababu mgandamizo hufuata mraba wa mwendo. Ndiyo maana joto hupanda muda mfupi baada ya kuruka. Lycoming huruhusu kichwa cha silinda kifike nyuzi 260 za Selsiasi, ila kwa injini ya kudumu hushauri kisizidi 224.

Mjenzi makini hapapasi, hupima. Huchukua kipima mwendo cha ziada, mrija mmoja akauelekeza juu ya injini na mwingine chini yake, kisha anaruka na kusoma tofauti ya mgandamizo. Tofauti ikiwa ndogo wakati juu kuna mgandamizo wa kutosha, basi chini kumejaa, na tundu la mbele likipanuliwa hewa ya ziada itamwagika tu nje ya boneti. Tiba ni kupanua njia ya kutokea, au kuviringisha ule ukingo mkali wa chini wa ukuta wa moto, unaotenganisha injini na chumba cha rubani, ili hewa igeuke bila kukwama. Ikumbukwe kwamba hewa iliyopita kwenye silinda imetanuka kwa joto, hivyo inadai nafasi kubwa kuliko ilipoingia.

Kabla ya kukata chochote, azibe mianya. Hewa inayopenya pembeni mwa mabati haipozi kitu, na bado inajaza chini. Mipira ya silikoni inayoziba kati ya mabati na boneti hujieleza yenyewe: inapogusa vizuri huacha mstari wa msuguano, na mstari ukikatika ujue hapo pana mwanya. Wengine huweka taa ndani ya boneti usiku na kutazama mwanga unapopenya.

Chumba cha rubani nacho kina shida hiyohiyo. Chini ya kioo kilichobinuka jua huchoma, mjenzi akaongeza tundu la hewa ubavuni, na bado jasho linamtoka, kwani hewa ya ndani haina pa kutokea. Hatari zaidi ni mgandamizo wa chumbani ukishuka: chumba huanza kunyonya kupitia mianya ya mkiani na ya ukuta wa moto, na moshi wa ekzosi hupita karibu nayo, chini ya tumbo. Hita nyingi nazo hupata joto kutoka kwenye bomba hilohilo la ekzosi. Likipata ufa, kaboni monoksidi huingia moja kwa moja.

Mwanasoka Emiliano Sala alifariki Januari 2019 katika ajali ya Piper Malibu, ndege ya kiwandani, si ya kujijengea. Wachunguzi wa Uingereza walikuta asilimia 58 ya himoglobini katika damu yake imeshikwa na gesi hiyo, isiyo na harufu wala rangi. Ndugu mjenzi, ziba kila tundu la ukuta wa moto, kisha funga kipima gesi cha elektroniki chenye king'ora kabla ya kuruka mara ya kwanza. Kadi ya kubadilika rangi haitoshi, kwa kuwa haimwiti rubani aliyekwisha kulewa gesi.